Siku Tulipochoma Mito ya Kulalia

Mheshimiwa Mkaguzi wa Mazingira, uliyekubali kurudi hapa, na safari hii ukiwa na viatu vizuri. Ndugu Mkurugenzi wa kiwanda pamoja na wenzako wa ofisini. Injinia wetu, ambaye kesho unatuacha. Majirani zetu wa bondeni, ambao kwa mara ya kwanza mmepita lango hili bila mabango. Wafanyakazi wenzangu wa rojo, wa mashine, wa boila na wa uchapaji. Shemeji zangu wa kota. Na ninyi watoto mlioambiwa mkae kimya na ambao naona mnajitahidi: habari za asubuhi.

Mimi ni mtu wa beleshi. Kazi yangu ni kusukuma kitu kutoka kinapomwagika hadi kinapotakiwa, na kwa miaka mingi kitu hicho kimekuwa tope. Shule niliiacha mapema, na kwetu ni mbali, kiasi kwamba mtu akiniuliza njia ya kwenda huko namwonea huruma kabla sijaanza kumjibu. Kwa hiyo mkisikia neno langu limekaa upande, lisogezeni wenyewe likae sawa.

Wenzangu walipoulizwa nani asimame hapa leo tunapoizindua rasmi boila hii, hawakutafuta msemaji hodari. Walisema asimame yule ambaye mke wake aliwasili siku ile ya mito. Ninyi wageni hamjui siku ya mito ni siku gani. Nitawaeleza, lakini lazima nianze na tope, kwa sababu hapa kwetu kila kitu huanza na tope.

Karatasi chakavu huletwa hapa kwa malori: magazeti, madaftari yaliyojaa, maboksi, vitabu ambavyo havikupata mnunuzi. Tunazitia majini, zinasagwa zinakuwa rojo, rojo inaoshwa wino, kisha inapita mashineni na kutokea upande wa pili ikiwa karatasi mpya, ambayo wenzetu wa uchapaji huipokea kwa mikono yao misafi. Lakini ule wino uliooshwa unakwenda wapi? Na gundi je? Na zile nyuzi fupi za karatasi iliyochoka, zisizoweza kushikana tena? Vyote hivyo huteremka vikawa tope la kijivu, zito, lenye harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika kwenye kona. Ofisini waliliita taka. Sisi tuliliita Kilima, kwa sababu lilikuwa limelundikwa nyuma ya kota zetu mpaka jua likawa linachelewa kutufikia madirishani. Na mvua ikinyesha, Kilima kilishuka kuwatembelea majirani wa bondeni, kikaingia mitaroni mwao na visimani mwao bila kualikwa.

Wakati huohuo, kwenye lango la mbele, malori mengine yalituletea mafuta mazito ya kuchemshia maji, maana karatasi haikauki bila mvuke. Mnauona mchezo wetu? Nyuma tunatupa kinachoweza kuwaka, mbele tunanunua kinachowaka. Simlaumu mtu. Nililisukuma tope lile miaka yote hiyo, na hata siku moja sikuwahi kulitazama kama kuni.

Ndugu Mkurugenzi, uliniambia niseme kweli, nami nimekushika hapohapo. Siku ulipotukusanya penye mizani ya malori ukatuita familia, tulijua mambo yameharibika, maana siku za heri hukuwahi kutuita hivyo. Ukasema Mkaguzi ameamuru Kilima kiondoke kabla ya mvua kubwa, mafuta yanameza kila tunachozalisha, na kiwanda hakiwezi kuibeba mizigo yote miwili. Ukasema anakuja Injinia kujaribu kulichoma tope lenyewe ndani ya boila iliyobadilishwa. Likiendesha mashine zamu nzima bila tone la mafuta wala kuni za kununua, kwa taka za kiwanda tu, na moshi ukapita kwenye vipimo, tunaendelea na kazi. Likishindwa, lango linafungwa. Uliyasema hayo umesimama mbele yetu. Kwa hilo nakushukuru. Wapo ambao wangebandika tangazo getini wakapanda gari wakaenda zao.

Sasa, wiki iliyotangulia tangazo hilo, mimi nilikuwa nimemwambia mke wangu ahame. Aje na watoto, tukae pamoja kama watu waliooana, badala ya kukaa kama watu wanaopigiana simu. Jioni ile nikampigia tena.

"Mama watoto, subiri kwanza. Kazi inaweza kwisha."

"Nisubirie wapi? Nyumba nimeshamkabidhi wifi. Kuku nimegawa."

"Utakuja unikute nafungasha."

"Basi tutafungasha wote. Umefungasha peke yako muda mrefu, ndiyo maana mpaka leo hujui kukunja shati."

Akakata simu. Ndugu zangu, kuna uzito unaoubeba mgongoni na kuna uzito unaokujia kwa basi, umeshika watoto wawili mkono, na huna la kuuzuia.

Naomba niwaeleze jambo moja la kota zetu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Sisi tuliotoka mbali tulikuwa tunalalia mito ya karatasi. Vitabu vikikatwa kingo kule uchapaji, hubaki vipande vyembamba vilivyojikunja, navyo tunaviita manyoya. Manyoya safi hurudi kwenye rojo. Yale yenye gundi hayatakiwi huko, kwa hiyo tangu zamani watu wa kota huyashindilia ndani ya foronya. Kila mgeni akifika, wenzake humjazia mto. Ni laini, ni mwepesi, una kasoro moja tu: unalia. Ukigeuza kichwa, unachakarika kama mtu anayekunja gazeti sikioni mwako. Siku za kawaida mtu aliyechoka hasikii. Lakini baada ya tangazo lile, kota nzima ilikuwa ikichakarika kuanzia taa kuzimwa mpaka alfajiri. Hakuna aliyesema ana wasiwasi. Mito ilisema.

Injinia akaja. Tulitegemea mwanamume mwenye kofia ngumu na msaidizi wa kumbebea mwavuli. Akashuka mama mmoja mfupi, ana makopo ya majivu kwenye kikapu, akauliza choo kiko wapi na tope liko wapi, kwa mpangilio huohuo. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshapewa jina. Injinia, kama hukulijua jina hilo, ni Bibi Majivu, na kuanzia leo ni jina la heshima.

Bibi Majivu akasema tope likamuliwe maji kwenye kinu, plastiki na pini zitengwe zisiingie motoni, maana moshi wa plastiki haufai kupumuliwa na mtoto wa mtu. Kisha akasema neno dogo tu: "Na likae kavu mpaka siku ya jaribio." Halafu akasafiri kufuata vipuri.

Sasa niwaulize wageni. Mtu wa kiwanda cha karatasi akiambiwa kitu kikae kavu, anafanya nini? Anakifunika. Hiyo ndiyo dini yetu. Karatasi ikitoka mashineni tunaifunika, ikipakiwa tunaifunika, lori likiondoka tunakimbia nalo tukivuta turubai. Basi Jumapili nzima, siku yetu ya mapumziko, tulikusanya kila turubai ya kiwanda, na hata nailoni za madirishani, tukalifunika tope lote lililokamuliwa na kulifunga kamba pande zote kama zawadi. Kazi nzuri kweli. Hata Mkurugenzi alipita akatusifu, na sitaki aseme hakupita.

Siku ya jaribio la kwanza tukafungua kamba. Mvuke ukatupiga usoni. Chini ya turubai, jua lilikuwa limelipika tope, jasho lake likapanda, likagusa nailoni, likarudi chini. Tuliacha kitu kama udongo, tukakuta uji. Tukalitia motoni hivyohivyo, tutafanyaje? Moto ukakohoa, ukawa mwekundu, ukawa mweusi. Mwenzetu wa boila, yule tunayemwita Moshi, akafungua mafuta ili asipoteze boila nzima, na hapo jaribio likawa limekwisha.

Injinia alirudi kwenye lundo, akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Nani amelifunika?"

Watu wazima, kila mmoja anatazama viatu vyake.

"Ni sisi sote, Injinia," akasema Moshi. "Ulisema likae kavu."

"Nyumbani kwenu mkifua mashuka mnayaanika, au mnayafungia sandukuni?"

Nilitegemea atukane. Akacheka, mpaka akalazimika kujishikilia kwenye toroli, na sisi tukacheka, kwa sababu ukishaogopa kiasi kile kicheko chochote unakipokea. Kisha akaenda ofisini na mkono wake mchafu vilevile. Sijui alichosema huko. Alitoka na nafasi ya jaribio la mwisho.

Tukajenga banda la nguzo na bati, halina ukuta hata mmoja, upepo unaingia na kutoka utakavyo. Tukalitandaza tope chini kama watu wanaoanika nafaka, tukaligeuza kwa reki asubuhi na jioni. Injinia akataka tulichanganye na manyoya yenye gundi, kidogo kidogo, ili moto upate pumzi. Hapo ikabidi nitumwe uchapaji. Majirani, hamjui uadui wetu. Wale wako juu, wanavaa mashati ya rangi nyepesi; sisi tuko chini, hatuna rangi. Mkuu wao, Kaka Wino, alinikuta mlangoni.

"Mtu wa rojo, umekuja kuchukua au kuchafua?"

"Nimekuja kuomba manyoya yenu ya gundi."

"Mito imepungua huko kota?"

"Ni ya boila. Boila isipowaka, hata hayo mashati yako utayavalia nyumbani."

Akanitazama. Akavua saa, akaiweka mfukoni, akaita vijana wake, na siku ile nilimwona Kaka Wino akisukuma toroli la taka kwa mikono yake miwili, shati likiwa na mstari wa jasho mgongoni. Kaka, ulipendeza. Sijawahi kukwambia.

Lakini binadamu akishaungua na uji, hata maji baridi anayapuliza. Tulikuwa tumeapa kutofunika kitu tena maishani. Manyoya yalipoletwa tukayaweka bandani pembeni, wazi, upepo uyapige. Na usiku wa kuamkia jaribio la mwisho ikanyesha mvua ya upepo, ya kuingia kutoka ubavuni. Tope lilikuwa katikati, likasalimika, isipokuwa ukingo mmoja. Manyoya yakalowa. Kitu pekee katika kiwanda hiki kilichohitaji turubai, ndicho tulichokinyima.

Jaribio lilianza asubuhi kwa manyoya machache ya ndani ya lundo yaliyopona, na tope likawaka. Nasema likawaka. Mkanda unalipeleka, mchanga wa ndani ya boila, ule unaoshika joto, umekuwa mwekundu, geji ya mvuke inapanda, mashine inazunguka, karatasi inatoka. Mheshimiwa Mkaguzi yuko juu kwenye ngazi ya dohani na kipimo chake, viatu vimejaa tope. Mchana ukapita. Tukaanza kutaniana. Halafu, zamu ikiwa inaelekea ukingoni, geji ikaanza kushuka. Taratibu, kama mtu anayesinzia.

"Lina unyevu hili la upande wa mvua," Moshi akasema. "Moto umelemewa."

Injinia akasema, "Nahitaji kitu kikavu cha kuuamsha tu. Sihitaji cha kuulisha. Manyoya makavu yako wapi?"

Wote tulikuwa tunajua yalikolowa. Moshi akashika gurudumu la mafuta. Hakulizungusha, alilishika tu, na mimi niliutazama mkono ule kama mtu anayetazama mlango wa hospitali.

Sijui nani alikuwa wa kwanza kukumbuka. Kila mtu wa kota anasema ni yeye, na mimi sitaamua leo. Nilichoona ni watu wanakimbia. Nikakimbia nao, nikaingia chumbani kwangu, nikanyakua mto wangu, nikatoka. Kwenye uwanja wa kota tulikuwa wanaume wazima, wachafu, kila mmoja amekumbatia mto kifuani, tunakimbilia boila.

Na hapo getini, amesimama na masanduku, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika gauni lake, ni mama watoto.

Alitutazama tukipita. Akanitambua.

"Baba watoto. Mmeshafukuzwa tayari?"

"Bado."

"Sasa mnahamia wapi na mito?"

"Tunakwenda kuichoma."

Alikuwa amesafiri siku nzima na usiku wake. Akasema, "Nenda. Nitakuuliza baadaye."

Mlangoni pa boila Mheshimiwa Mkaguzi alikuwa ameshashuka, akatuzuia. Ana haki, ndiyo kazi yake. Akauliza hii mito ni kitu gani, maana sharti ni taka za kiwanda tu.

Moshi akamjibu, "Mheshimiwa, ni taka za kiwanda. Zilikuwa zimepumzika kwetu kidogo."

Mkaguzi akachukua mto uliokuwa karibu naye, ambao ulikuwa wangu, akafungua foronya, akaingiza mkono, akatoa ukunjo wa kingo za vitabu zenye gundi na rangi za majalada. Akazigeuza. Uso wake haukusema kitu. Mheshimiwa, wewe una uso mgumu sana, nadhani umeshaambiwa. Akarudisha manyoya ndani, akanipa mto wangu, akasema, "Foronya msizichome. Hizo ni za dukani."

Tukamimina. Kila mmoja alimwaga mto wake kwenye mkanda kwa mkono wake, watu wengine miaka yao yote ya ugeni imo humo, na moto ukapokea. Ukaruka, ukatulia, ukashika tope. Geji ikasimama. Ikafikiri. Ikapanda. Moshi akaondoa mkono wake kwenye gurudumu, na nadhani vidole vyake havikunyooka mpaka jioni. Kengele ya mwisho wa zamu ilipolia mashine ilikuwa bado inazunguka, na kwenye dohani moshi ulikuwa mweupe, mwembamba, ndani ya vipimo. Injinia aliketi chini palepale, juu ya beleshi langu, akafuta miwani. Mkurugenzi akamkumbatia Kaka Wino, na shati la Kaka Wino likafa siku ile rasmi.

Mimi nilirudi kota nina foronya tupu begani. Nikamkuta mke wangu ameketi juu ya kitanda changu, watoto wamelala kwa mapana, anatafuta mahali pa kuweka vitu.

"Limewaka?"

"Limewaka."

"Basi niambie sasa habari ya mito."

Nikamwambia. Alicheka mpaka akawaamsha watoto. Kisha akafungua sanduku, akatoa mto wa sufi alioushona mwenyewe na kuubeba kutoka kwetu mpaka hapa, akauweka upande wangu wa kitanda. Akasema, "Huu si taka ya kiwanda. Mwambie na yule wa viatu vichafu."

Ndugu wageni, mengine mnayaona wenyewe. Kilima kinapungua, na jua linaingia madirishani mapema hata kutukera. Majivu yanachukuliwa na wafyatua matofali. Majirani wa bondeni, bado mnatudai mitaro, Mkurugenzi ameahidi mbele ya watu na mimi namkumbusha mbele ya watu. Mheshimiwa Mkaguzi, tunakuomba uendelee kupanda ile ngazi bila kutupa taarifa. Safari hii tunataka kubanwa, maana wanaopumua moshi wa kwanza ni watoto wetu.

Injinia, Bibi Majivu, ulikuja kuwasha moto, na ukatukuta tumeulowesha kwa kuupenda kupita kiasi. Hukutufokea. Ulizamisha mkono kwenye tope letu, na ulipoutoa hukukimbilia kunawa. Sisi watu wa beleshi tunapima mtu kwa vitu vidogo kama hivyo, na wewe tumekupima. Huko uendako, wakikuuliza ulitumia nini kuuamsha moto, waambie kweli. Hawatakuamini.

Ndugu Mkurugenzi, mito mipya uliyotuahidi badala ya ile tuliyoichoma ilifika. Ni ya pamba. Midogo kidogo, lakini imefika, na manyoya yote sasa yanakwenda boila kwa turubai juu, salama.

Na nimalizie kwa jambo ambalo ndilo hasa nilitumwa kulisema. Juzi niliamka kwenda kunywa maji, nikasimama katikati ya kota nikasikiliza. Nilizoea kusikia kuta zote zikichakarika, kila mtu akigeuka na hofu yake. Sikusikia kitu. Mtu mmoja alikuwa anakoroma upande wa boila, sitamtaja, anajijua, ana jina la kitu kinachotoka kwenye dohani. Basi. Wengine wote walikuwa wamelala. Nikarudi, nikaweka kichwa changu kwenye sufi, nikakigeuza upande mmoja, nikakigeuza upande wa pili, kwa makusudi tu, nisikie.

Mama watoto akasema gizani, "Tulia. Kazi ipo kesho."

Ipo. Kwa neno hilo namshukuru kila mmoja wenu, na kwa kuwa mmenivumilia mtu wa beleshi mpaka hapa bila hata kiti kuchakarika, asanteni sana.